Tiba ya sauti: kinachofanyika kati yako na mtaalamu wa usemi

Mtu aliyekaa miezi miwili sauti ikiwa imekauka huenda hospitali akitarajia dawa. Daktari wa masikio, pua na koo anamchunguza, anaona vinundu viwili vidogo kwenye nyuzi za sauti, kisha anamwandikia barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Hapo ndipo wengi hushangaa. Mtaalamu wa usemi wanamjua kuwa ni wa watoto wenye kigugumizi, au wa waliopigwa na kiharusi wakapoteza maneno. Ana kazi gani na koo? Wapo wanaotoka na barua hiyo wakihisi wamepuuzwa: naumwa, halafu naambiwa nikafundishwe kuongea, kitu nilichokijua tangu utotoni.

Mshangao huo unaeleweka, lakini unawagharimu watu sauti zao, kwa sababu wengi hawaendi. Vinundu vile, mara nyingi, vimeletwa na namna sauti inavyotolewa. Dawa ya kumeza haibadilishi namna mtu anavyofanya jambo, mazoezi hubadilisha. Tiba ya sauti ni kazi ya kuifundisha upya misuli ya kifua, koo na kinywa ishirikiane bila kuumizana. Ukishalishika hilo, yale yote yanayofanyika katika chumba cha mtaalamu, hata yanayofanana na mchezo wa watoto, yanaanza kuleta maana.

Koo linafanya nini unapoongea

Zoloto limekaa juu ya bomba la hewa, pale mbele ya shingo panapopanda na kushuka unapomeza. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma. Hiyo ndiyo tunayoiita nyuzi za sauti, ingawa haifanani na nyuzi za gitaa hata kidogo. Kwa mwanamume mzima urefu wake ni kati ya milimita 17 na 25 hivi, kwa mwanamke kati ya 12 na 17. Unapopumua tu, nyuzi zinaachana. Unapotaka kusema, zinasogeleana, hewa ya mapafuni inazisukuma, zinafunguka, zinarudi kukutana, zinafunguka tena. Mvumo unaousikia ni matokeo ya kufunguka na kufunga huko.

Weka vidole mbele ya shingo useme "sss" kwa sekunde chache. Hakuna kitu. Sasa sema "zzz". Ule mtetemo uliojitokeza chini ya vidole ni nyuzi zako zinagongana. Katika mazungumzo ya kawaida nyuzi za mwanamume hugongana takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde, za mwanamke mara 180 hadi 220. Tuchukue mwanamke anayesema kwa kiwango cha mara 200. Hata tukiondoa nusu ya muda kwa ajili ya kuvuta pumzi, vituo na sauti zisizo na mtetemo kama "s" na "t", saa moja ya kuongea imempa migongano 360,000. Mwalimu mwenye vipindi vitano vya saa moja anapita milioni moja na nusu kabla hajaenda nyumbani.

Mwili umeumbwa kuhimili hilo, kwa sharti kwamba mgongano uwe mwepesi. Mwaka 1974 daktari Minoru Hirano wa Japani alieleza kwamba kila uzi wa sauti una sehemu mbili zinazotenda tofauti: msuli kwa ndani, na juu yake gamba laini, lenye majimaji, linaloteleza juu ya msuli huo. Sauti safi hutokea pale gamba hilo linapopata uhuru wa kucheza, wimbi likipita juu yake kila nyuzi zinapokutana. Ukikaza shingo na kugonganisha nyuzi kwa nguvu siku baada ya siku, gamba linavimba. Likivimba linakuwa zito, linatetema kwa shida, na nyuzi hazifungi vizuri tena. Hewa inavuja, sauti inakwaruza. Na mtu anayesikia sauti yake inakwaruza hufanya nini? Anaikamua zaidi ili asikike. Uvimbe unaongezeka, naye anakaza tena. Mzunguko huu ndio mtaalamu wa usemi anaoukata, na hauwezi kukatwa na kidonge.

Kwa hiyo pia asali, peremende za koo na vinywaji vya moto havifanyi kile ambacho watu hudhani vinafanya. Chakula na kinywaji hupita nyuma ya zoloto kuelekea tumboni, na njia ya hewa hufungwa unapomeza. Kama kitu ulichokunywa kingezigusa nyuzi za sauti, ungepaliwa na kukohoa. Maji husaidia kweli, lakini kwa njia ndefu: yanaingia mwilini, na mwili wenye maji ya kutosha huzifanya nyuzi ziwe na utelezi. Anayekunywa chupa nzima dakika mbili kabla ya kusimama kuongea amechelewa.

Kwanza nyuzi zionekane

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza mazoezi bila koo kuangaliwa. Sauti ya kukwaruza ni ile ile iwe imeletwa na vinundu, polipi (kinyama kinachoota juu ya uzi), mafua, uzi uliopooza, uvimbe wa virusi au saratani ya zoloto. Sikio, hata la bingwa, haliwezi kutenganisha hayo. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani uliotolewa upya mwaka 2018 unasema mtu ambaye sauti yake haijarudi ndani ya wiki 4 aangaliwe zoloto, na aangaliwe mapema zaidi ikiwa kuna dalili ya jambo zito: mvutaji wa tumbaku, mwenye uvimbe shingoni, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa shingo au kifua, anayepumua kwa shida. Mwongozo huo huo unakataza kuwapa watu antibayotiki kwa mazoea kwa sababu tu sauti imekauka, na unataka zoloto lionekane kabla ya mtu kuanzishiwa tiba ya sauti.

Ninaomba msomaji asiruke hapo. Neva inayoendesha uzi wa kushoto haitoki kichwani moja kwa moja hadi kooni. Inashuka hadi kifuani, inapita chini ya mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, kisha inapanda tena hadi kwenye zoloto. Uvimbe wa kifuani unaweza kuibana, na dalili ya kwanza ikawa sauti dhaifu yenye pumzi nyingi. Mtu kama huyo akipewa mazoezi ya mwezi mzima bila kuchunguzwa, amepotezewa mwezi wa thamani.

Kuona nyuzi za sauti za mtu aliye hai si jambo la kale sana. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua, akayaona mapigo ya zoloto lake mwenyewe. Mwaka uliofuata maelezo yake yakawasilishwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Leo daktari hupitisha kamera nyembamba puani au kinywani. Kwa kuwa macho hayawezi kufuata mapigo 200 kwa sekunde, hutumika taa inayomulika kwa vipindi vilivyopishana kidogo tu na mapigo ya nyuzi, ili mwendo uonekane kana kwamba umepunguzwa kasi. Kwa njia hiyo huonekana kama wimbi linapita sawasawa, kama upande mmoja umekakamaa, kama kuna mwanya nyuzi zinapofunga. Mwombe daktari akuonyeshe picha hizo. Mtu aliyeona mwanya kwa macho yake huwa hahitaji kubembelezwa afanye mazoezi.

Kikao cha kwanza

Mtaalamu wa usemi haanzi na mazoezi. Anaanza na maswali, na mengi yake hayahusu koo. Unaongea saa ngapi kwa siku, na nani, mahali gani? Kuna kelele? Nyumbani kuna mtu asiyesikia vizuri? Sauti huwa mbaya asubuhi au jioni? Sauti ya mtu anayeamka nayo nzuri na kufika jioni hana kitu inasimulia uchovu na matumizi; ya anayeamka nayo mbaya ikazinduka mchana inasimulia jambo lingine, pengine asidi ya tumbo iliyopanda usiku au makohozi. Atauliza dawa unazotumia, maana dawa za mzio zinaweza kukausha koo na zile za kuvuta za pumu zinaweza kuikwaruza sauti. Usiziache kwa sababu hiyo. Kazi ya mtaalamu ni kulijua hilo na kumwarifu daktari wako.

Utapewa pia dodoso. Linalotumika sana lilitolewa mwaka 1997: maswali 30, kila moja alama 0 hadi 4, jumla ya juu 120. Haliulizi sana sauti yako ikoje. Linauliza zaidi inakuzuia nini. Unaepuka simu? Watu wanakuomba urudie? Umeanza kukwepa mikusanyiko? Watu wawili wenye vinundu vya ukubwa uleule wanaweza kupata 20 na 90, kwa sababu mmoja anafanya kazi ya kompyuta na mwingine anahubiri. Tiba zao hazitafanana.

Kisha anapima. Atakuambia vuta pumzi useme "aaa" hadi iishe. Mtu mzima mwenye sauti nzuri hufika sekunde 15 hadi 25 hivi. Atakuambia useme "sss" ndefu, halafu "zzz" ndefu. Mapafu ni yaleyale, kwa hiyo mtu mwenye nyuzi zinazofunga vizuri hupata muda unaokaribiana. Ikiwa "s" inafika sekunde 20 na "z" inakatika kwenye 10, hewa haikosekani. Inavuja kwenye nyuzi. Atakurekodi ukisoma na ukizungumza, na atausikiliza mkwaruzo, pumzi, udhaifu na mkazo, kila kimoja akikipa alama.

Kipande ninachokiona cha maana kuliko vyote katika kikao hicho ni kile cha mwisho: kujaribu. Mtaalamu mzuri hakuachi uondoke kabla hajatafuta, hata kwa sekunde chache, sauti bora ambayo koo lako tayari linaiweza. Atakuambia ugune kama unayekubali jambo: "mm-hm". Cheka. Kohoa. Piga miayo ukishusha sauti. Katika vitendo hivi vya asili mwili mara nyingi husahau kukaza. Kuna watu waliopoteza sauti kabisa, wananong'ona kwa wiki kadhaa, na nyuzi zao zikiangaliwa hazina kidonda. Mtu huyo akikohoa, kikohozi kinatoka na mlio mkali. Basi nyuzi zinaweza kukutana. Mtaalamu anakichukua kile kikohozi, anakirefusha kiwe mguno, mguno uwe "mmm", "mmm" iwe "mmmoja", na kuna wanaotoka kikao kileile wakiongea. Hawakuwa wakijifanya. Mwili ulikuwa umepoteza njia.

Mrija ndani ya maji

Zoezi linalowashangaza wengi ni la kuvumisha sauti kupitia mrija. Unachukua glasi yenye maji, unaingiza mrija sentimita mbili au tatu chini ya uso wa maji, unafunga midomo kuuzunguka, unatoa sauti ya "uuu" kupitia humo. Maji yanatokota kwa mapovu. Mabega yatulie, mashavu yalegee, mapovu yaende kwa mfuatano usiokatika. Yakiruka kwa kishindo kisha yakakatika, unasukuma kwa nguvu. Yakikosekana huku sauti ikisikika, hewa inatokea puani au koo limebana. Baada ya kuimudu "uuu" iliyonyooka, unaipandisha taratibu hadi sauti nyembamba na kuishusha hadi nene, halafu unavumisha wimbo wowote unaoujua. Dakika moja au mbili, mara kadhaa kwa siku.

Mantiki yake ni hii. Mdomo ukizibwa nusu, hewa inayotoka inakutana na kizuizi na kurudisha msukumo nyuma hadi juu ya nyuzi. Msukumo huo unazitenganisha kidogo, hivyo zinatetema bila kugongana kwa nguvu, na zinahitaji nguvu ndogo kuanza kutetema. Mtu aliyezoea kukamua anapata, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hisia ya sauti inayotoka bila kubanwa. Mwanasayansi Ingo Titze ndiye aliyeieleza kwa kina fizikia ya mazoezi ya aina hii, katika makala yake ya mwaka 2006, ingawa walimu wa uimbaji walikuwa wakitetemesha midomo na kuvumisha "mmm" tangu zamani kwa faida hiyohiyo.

Mrija hauponyi. Ni mlango tu. Anayetokotesha mapovu asubuhi na jioni kisha akaongea mchana kutwa kwa koo lilelile lililokaza hatapata nafuu. Kwa hiyo mtaalamu haachi zoezi liishie hapo: mrija unaondolewa huku sauti ikiendelea, "uuu" inabaki hewani, na kabla hisia haijapotea inaingizwa kwenye neno. Lugha yetu inatusaidia kwa wingi wake wa "m" na "n". "Mama anamwona mwana mnono." "Nimemwambia Mwanaima aniimbie." Ukizisema sentensi hizi polepole, ukiulegeza utaya, utaanza kusikia mtetemo kwenye midomo na kuzunguka pua. Hapo ndipo panapotafutwa: sauti ihisiwe mbele, usoni, na kooni pasihisiwe kitu.

Kuna pia suala la maneno yanayoanza na irabu. Vitenzi vyetu vingi huanza hivyo: "anakuja", "alisema", "unataka". Mwenye mazoea ya kukaza hugonga nyuzi zake kila anapoanza neno la namna hiyo, na mgongano huo unasikika kabisa. Mtaalamu atakufundisha kuruhusu hewa itangulie kidogo, kana kwamba kuna "h" nyepesi mbele ya neno, hadi mwanzo ulainike, kisha ile "h" inafifishwa.

Njia zipo nyingine nyingi, na mtaalamu huchagua kwa tatizo. Mtaalamu wa usemi Joseph Stemple alitunga mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha, yanayofanywa mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, kwa sauti laini mno. Kwa wenye misuli iliyokaza mtaalamu hukandakanda shingo pande zote za zoloto, akilishusha taratibu huku mtu akivumisha sauti. Wapo wanaosikia sauti yao ikibadilika chini ya vidole vyake. Kwa wenye ugonjwa wa Parkinson mambo hugeuka kabisa. Wao hawakazi, wanafifia, na huwa hawajui kwamba wanafifia. Njia iliyopewa jina la mgonjwa Lee Silverman huwafundisha jambo moja tu, sauti kubwa, katika vikao 16: siku 4 kwa wiki, wiki 4. Mgonjwa huona anapiga kelele, kumbe ndiyo kwanza amefikia sauti ya kawaida. Sehemu kubwa ya tiba ni kumzoesha masikio yake na ukweli huo. Ushauri wa "punguza sauti", ambao kwa mwalimu ni dawa, kwa huyu ni madhara.

Nje ya chumba

Ushauri wa kutunza koo kila mtu anaujua: kunywa maji, usipige kelele, usivute tumbaku, usisafishe koo kwa kukohoa kila mara. Ni ushauri mzuri. Lakini ushauri peke yake si tiba, na hapa kuna ushahidi. Nelson Roy na wenzake nchini Marekani waliwagawa walimu wenye matatizo ya sauti kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mafunzo ya kutunza koo, wengine mazoezi ya Stemple, wengine wakasubiri bila kupewa kitu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001, waliopata nafuu ya maana kwenye dodoso lile la maswali 30 ni waliofanya mazoezi. Mwaka 2002 wakawalinganisha walimu 44: wa kundi moja walivaa kipaza sauti kidogo cha kiunoni darasani kwa wiki 6, wa kundi jingine walipewa ushauri, wa kundi la tatu hawakupewa kitu. Wenye kipaza sauti ndio waliopata nafuu kwenye dodoso. Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu watu wengi wenye sauti mbovu wamepewa karatasi ya ushauri, wameifuata kwa uaminifu, hawakupona, wakajilaumu. Hawakupewa tiba.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuitoa sauti mpya chumbani na kuipeleka kwenye maisha. Ukiwa umekaa mbele ya mtaalamu, kimya, ukiifikiria sauti yako, unaiweza. Simu ikilia, mtoto akilia, mkutano ukipamba moto, mwili unarudia njia yake ya zamani, kwa sababu sasa unafikiria jambo la kusema na si namna ya kulisema. Ndiyo maana mazoezi hupanda ngazi: sauti moja, silabi, neno, sentensi, kusoma, kuhadithia, kubishana, kubishana penye kelele. Ngazi ya mwisho ina sababu yake. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni hupandisha sauti bila kujijua. Huwezi kuamua usiipandishe kwa kujiambia tu. Inabidi ujizoeze kelele ikiwepo, ukifuata hisia ya mtetemo usoni badala ya masikio yako. Mtaalamu anaweza kuwasha redio makusudi wakati wa kikao. Asipofanya hivyo, mwombe.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: atakutaka urudie sauti mbaya. Sema sentensi hii kwa sauti yako mpya. Sasa iseme kwa ile ya zamani. Sasa mpya. Hafanyi hivyo kukudhihaki. Mtu hawezi kuacha kitu asichokihisi, na kuivuka mipaka ya sauti mbili kwa hiari ndiko kunakompa uwezo wa kujikamata katikati ya mazungumzo.

Nyumbani, vipindi vifupi vingi vinashinda kipindi kirefu kimoja. Dakika 3 mara sita zinafundisha misuli kuliko dakika 20 mara moja, na haziichoshi. Yafunge na mambo unayoyafanya kila siku: kila simu inayoingia, "mm-hm" moja kabla ya kuipokea. Ukihisi kukereketa, meza mate au piga funda la maji badala ya kukwangua koo. Usinong'one kwa kudhani unapumzisha sauti. Wengi hukaza wanaponong'ona, na sauti ndogo ya kawaida ni salama zaidi. Na msogelee unayeongea naye. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inamfikia ikiwa na desibeli 6 zaidi bila wewe kuongeza nguvu yoyote.

Wengi huachia njiani. Vikao vya mwanzo vinaleta mabadiliko ya haraka, halafu vinafuata vya katikati ambapo hakuna kinachoonekana kusogea. Mwambie mtaalamu ukweli kama hufanyi mazoezi. Atayapunguza, atayabadilisha, atatafuta linaloingia kwenye siku yako. Asiyeambiwa ataendelea kupandisha ngazi huku wewe ukiwa bado chini, nanyi wote wawili mtadhani tiba imeshindwa.

Pale mazoezi hayatoshi peke yake

Vinundu kwa kawaida hujibu mazoezi, hata kwa watoto wapiga kelele, mradi wazazi washirikiane. Sisti, yaani kifuko kilichojifunga ndani ya uzi, haiyeyuki kwa mazoezi. Huhitaji upasuaji, lakini mazoezi ya kabla na ya baada ndiyo yanayozuia mtu asirudi kukaza juu ya kidonda kipya. Uzi uliopooza unaweza kusaidiwa kwa mazoezi, au daktari akausogeza katikati kwa sindano ya kuujaza au kwa upasuaji. Ipo hali ambapo ubongo hutuma amri zinazokatakata sauti katikati ya neno. Hiyo hutibiwa zaidi kwa sindano za sumu ya botulini, ambazo nguvu yake huisha baada ya miezi michache na kurudiwa, na mazoezi huwa msaidizi tu. Mtaalamu mwaminifu hukuambia mapema uko katika kundi gani.

Wapo pia wanaokuja bila ugonjwa. Kijana aliyebalehe ambaye sauti yake imegoma kushuka. Mzee ambaye nyuzi zake zimekonda na hasikiki mezani. Mtu aliyebadili jinsia anayetaka sauti inayolingana na maisha yake: homoni ya testosteroni huinenepesha sauti, lakini estrojeni haiirudishi nyembamba, kwa hiyo mazoezi ya mvumo na kiimbo ndiyo yanayobeba kazi. Zana ni zilezile. Kinachobadilika ni shabaha, na mwenye sauti ndiye anayeipanga.

Tiba ya kawaida huchukua wiki 6 hadi 8, kikao kimoja kwa wiki, ingawa wengine humaliza kwa vikao vitatu na wengine huhitaji miezi. Mwishoni mtaalamu hukurekodi ukisoma aya ileile ya siku ya kwanza, hukujazisha dodoso lilelile, na daktari huangalia nyuzi tena. Mara nyingi hupangwa kuonana baada ya miezi michache kuona kama sauti mpya imekaa. Ikikwaruza tena kwa siku mbili tatu baada ya mafua au sherehe, rudi kwenye mrija na "mmm". Ikipita wiki 4, usijitibu kwa mazoezi uliyokwisha kuyajua: nenda kwanza kwenye kamera, kwa sababu sababu ya sasa inaweza kuwa si ile ya mwanzo.